Fomu Thelathini na Saba

Fomu za kwanza zilipoingia nyumbani kwa Aziza zilikuwa kumi na mbili, ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la nguo. Warda alizitandaza juu ya meza ya kulia, akaanza kuzikagua moja moja, kalamu mdomoni. Aziza alimwambia atoe makaratasi yake, watu wanataka kula. Warda akajibu dakika tano tu. Aziza alimjua binti yake na dakika zake, akapakua wali akala peke yake, amesimama jikoni.

Warda alikuwa na miaka ishirini na alisomea uuguzi Woluwe. Uraia wa Ubelgiji aliupata mwaka uliopita, hivyo kura yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa ya wengine. Sheria ilisema mtu wa nje ya Ulaya aliyekaa nchini miaka mitano anaweza kuchagua madiwani wa komini, yaani serikali ya mtaa, mradi aombe mwenyewe kabla Julai haijaisha. Fomu yenyewe ilikuwa fupi: jina, anwani, namba ya kitambulisho, na sahihi chini ya maneno ya kuahidi kuheshimu katiba. Katika jengo lao la ghorofa kumi pale Laeken, wengi hawakuijua sheria hiyo. Walioijua hawakuitaka.

Basi Warda na wenzake sita wa chuo wakaanza kugonga milango kila Jumamosi. Ijumaa walisimama nje ya msikiti, Jumapili nje ya makanisa ya Wakongo, na wakati wa mvua walisimama hivyo hivyo. Kinara wao mwingine alikuwa Ornella, binti wa Bukavu mwenye sauti kubwa, ambaye wazee walimwita Madame Ministre kwa kumtania. Jioni Warda alimsimulia mama yake majibu waliyoyapata. Mmoja alisema ukijiandikisha halafu usiende kupiga kura wanakutoza faini. Mwingine alisema komini ikishaona jina lako itafungua dosia yako upya tangu siku ulipoomba hifadhi. Hawa wa ghorofa ya pili, mwenye watoto wanne, aliwafungulia mlango, akawapa juisi, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye na siasa walishaachana huko huko Bujumbura.

Kilichowasukuma wanafunzi ni unyevu. Kuta za jengo lile zilikuwa na ukungu mweusi kwa miaka mitatu, watoto walikohoa kuanzia Oktoba hadi Mei, na barua za wakazi hazikujibiwa. Siku moja Ornella alimkamata diwani mmoja mlangoni mwa mkutano na kumuuliza kwa nini hawajawahi kumwona kule kwao. Diwani akamjibu bila hasira, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni, kwamba pale kwao hakuna wapiga kura. Maneno hayo Ornella aliyachapisha kwenye karatasi na kuyabandika ndani ya lifti.

Aziza alikubaliana nao kuhusu ukungu. Yeye mwenyewe aliusugua kwa maji ya javeli kila mwezi. Alichokataa ni yale majina na anwani juu ya meza yake.

Mwaka 2015, mdogo wake Sudi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Bujumbura na alipanga chumba Nyakabiga. Maandamano ya kuipinga serikali yalipoanza, kazi ya Sudi ilikuwa kukusanya chakula cha waandamanaji. Kwa kuwa alipenda mambo yaliyonyooka, alinunua daftari akaandika ndani yake nani ametoa mchele, nani maharage, anakaa barabara gani. Miezi miwili baadaye likaja gari lisilo na namba. Daftari lilikuwa chini ya godoro, na haikuwachukua hata dakika kumi kulipata. Siku ile walichukuliwa Sudi na wengine wanane, na wale wanane hawakutafutwa kwa shida, kwa maana Sudi alikuwa na mwandiko mzuri. Hakuna aliyerudi. Warda alikuwa na miaka kumi na moja. Mwaka uliofuata mama na mtoto walikuwa Ubelgiji.

Habari hii Warda aliijua. Aziza hakuwa mtu wa kuficha mambo, ila hakuwa mtu wa kuyarudia pia. Alipomwambia binti yake kwamba orodha ni kitu cha hatari, Warda alimjibu kwa upole kwamba majina haya komini inayo tayari, na anwani inazo, na hata picha zao inazo.

"Bon, kama wanayo, wanayataka tena ya nini?" aliuliza Aziza.

"Ili wajue kwamba sisi pia tunataka."

Mwishoni Aziza alitia sahihi fomu yake, kwa sababu Warda alimtazama na yeye alikuwa amechoka. Hawa naye akatia, aliposikia Aziza ametia. Papa Mansour wa ghorofa ya nne hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mjane, na alijaza fomu yake kwa herufi kubwa, akaomba nyingine ajaze upya kwa kuwa ya kwanza aliikunja pembeni. Alimwambia Warda kwamba ameishi katika nchi tatu na hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza maoni yake. Kisha akauliza siku ya kura mtu anavaa nini.

Wanafunzi walikusanya mpaka jioni ya mwisho. Fomu zikafika thelathini na saba.

Tarehe 31 Julai iliangukia Jumatano. Wanafunzi waliwaahidi watu kwamba watazipeleka wenyewe, lakini Warda alikuwa kwenye mazoezi ya kazi hospitalini tangu saa moja asubuhi na hakuruhusiwa kutoka. Ornella alikuwa Antwerpen kwenye kibarua cha likizo. Aziza ndiye aliyesema atazipeleka. Zamu yake kwenye nyumba ya wazee kule Ganshoren ilianza saa nane mchana, na komini ilikuwa njiani. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Jambo linatakiwa kufanyika, unalifanya. Warda alimkumbatia huku amevaa kiatu kimoja, akakimbilia metro.

Pale komini alichukua namba, akasubiri dakika arobaini, akaitwa. Mhudumu alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu. Alizitoa fomu kwenye bahasha, akazigonga mezani zikae sawa, akasema ni nyingi, vizuri sana. Kisha akachukua karatasi nyeupe na kumuuliza ni nani anayeongoza kikundi hiki. Alitaka jina na namba ya simu, na ikiwezekana majina ya wale waliozunguka kwenye milango, ili fomu ikiwa na kasoro ajue wa kumpigia.

Lilikuwa swali la mtu anayefanya kazi yake vizuri. Aziza alilijua hilo hata wakati ule. Lakini alichokiona kwenye ile karatasi nyeupe ni jina la Warda, juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Akasema amesahau kitu kwenye gari. Hakuwa na gari. Akanyoosha mkono, akazichukua fomu zote, akazirudisha kwenye bahasha. Kijana akamwambia hakuna haraka, wanafunga saa kumi.

Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi na bahasha mapajani. Basi la kwanza akaliacha lipite, la pili pia. Alijiambia atarudi ndani akatoe jina lake mwenyewe, yeye ni mtu mzima, wamfanye wanavyotaka. Akajiambia pia kwamba wakitaka kujua aliyezunguka milangoni watauliza jengo zima, na jengo zima litasema Warda. Basi la tatu alilipanda.

Katika nyumba ile ya wazee kulikuwa na kasha la kijivu lenye kufuli, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, na tundu jembamba juu. Humo walitupa karatasi zote zenye majina ya wazee: dawa, vipimo, namba za bima. Ufunguo hakuwa nao mfanyakazi hata mmoja. Kila Alhamisi lilikuja gari, likachukua kasha, na kilichokuwemo kikasagwa kikawa vumbi. Tangu siku yake ya kwanza kazini, lile kasha ndilo kitu alichokipenda Aziza kuliko vyote katika nchi hii. Nchi inayosaga majina ya watu ili yasionekane, alimwambia Warda wakati huo, ni nchi ya watu wenye akili.

Nyumbani fomu zingeonekana. Kwenye ndoo za taka za mtaani zingeonekana zaidi. Saa nane kasoro dakika kumi, akiwa tayari amevaa sare, alizipitisha kwenye tundu tano tano, ya kwake ikiwa katikati. Saa tisa Warda akaandika kwenye simu: mama, zimepokelewa? Aziza akajibu: ndiyo. Kisha akaenda kumwogesha Madame wa chumba namba 14.

Agosti ilipita na hakuna aliyepata barua ya komini ya kumthibitisha. Papa Mansour alishuka kila asubuhi kwenye masanduku ya barua na kila asubuhi alimpa Aziza taarifa bila kuulizwa. Warda alisema ni likizo, ofisi zina watu wachache. Septemba alienda komini mwenyewe na Ornella. Wakaambiwa hakuna hata fomu moja kati ya hizo iliyoingia kwenye mashine, na muda umekwisha. Jioni hiyo Warda alimuuliza mama yake zilipokelewa na nani.

"Kijana mwenye miwani," alisema Aziza. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi.

Hakujua kitakachofuata, ingawa angepaswa kujua, maana aliwasikia wanafunzi wale wakipanga mambo sebuleni kwake mwaka mzima. Ornella aliandika barua ya kurasa mbili kwa meya, na nakala kwa magazeti. Barua ilisema kwamba fomu thelathini na saba za watu Weusi zilikabidhiwa kwa mtumishi wa komini, na mtumishi huyo akazitupa. Sura yake ilielezwa, saa pia. Chini ya barua ziliachwa nafasi thelathini na saba, kwa ajili ya jina, anwani na sahihi ya kila mtu. Waliita mkutano Jumamosi, katika chumba cha chini cha jengo, ili watu watie sahihi.

Aziza aliisoma barua hiyo mara mbili, amesimama. Kijana aliyegonga karatasi zikae sawa angefukuzwa kazi. Na watu wale wale, wenye majina yale yale, wangeingia gazetini.

Alishuka mkutanoni na chupa mbili za chai, kama kawaida yake. Walikuja watu wapatao ishirini na tano. Papa Mansour alikaa mbele. Hawa alikaa nyuma karibu na mlango, mwanawe mdogo mgongoni. Ornella aliisoma barua kwa Kifaransa, kisha akaifafanua kwa Kiswahili cha kwao. Alisema hili si jambo la kuficha, banatuzarau kabisa, donc tutabaandikia mpaka bajue majina yetu yote. Watu wakapiga makofi machache. Warda akaanza kupitisha kalamu.

Aziza aliweka chupa chini, akasema kalamu irudi mezani.

Alisimulia kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa ya zamu kwa muuguzi anayeingia: komini, dakika arobaini, swali la kijana, benchi, basi, kasha la kijivu. Hakusema alikuwa na homa, hakusema shetani alimpitia. Alisema kijana yule hakufanya kosa lolote na barua ile isiende popote.

Wa kwanza kusema alikuwa Hawa, na alisema taratibu, kama aliyetua mzigo.

"Mungu akulipe, dada Aziza. Tangu nitie sahihi sijalala vizuri."

Mwanamume mmoja nyuma yake akacheka kidogo, akasema hata yeye. Mwingine akasema alitia ili tu wale wasichana waache kumgongea mlango, walikuwa wabaya kuliko watu wa umeme. Kicheko kikapita chumbani, cha watu waliopona. Wengine wakaanza kumimina chai. Aziza alikuwa amejitayarisha kwa matusi, na matusi angeyaweza. Alimtazama binti yake akaona kwamba kicheko kile ndicho kinachomwua. Mwaka mzima wa milango, na mbele yake walikaa watu wanaoshukuru kwamba yote yameishia bure.

Papa Mansour hakucheka. Aliinuka, akachukua kofia yake. Alipofika kwa Aziza alisimama.

"Yangu nayo ulitia humo?"

"Ndiyo, papa."

"Mimi sikuogopa," alisema. "Ungeniuliza." Akapanda ngazi, ingawa siku hiyo lifti ilikuwa nzima.

Ornella alitaka kusema, na ni wazi alikuwa na mengi, lakini Warda alimshika mkono. Barua akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alimngoja mtu wa mwisho atoke, akapanga viti, maana alilelewa hivyo, na Aziza akapanga upande wa pili. Walipokutana katikati Warda hakulia wala hakupandisha sauti.

"Daftari la tonton Sudi walilichukua wao," alisema. "Hizi umezichukua wewe, mama."

Aziza alimwambia alifanya kwa ajili yake. Warda akasema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomfanya ashindwe hata kukasirika.

Mwishoni mwa mwezi Warda alihamia Woluwe, kwenye chumba kidogo pamoja na Ornella, karibu na hospitali. Sababu aliyoitoa ni zamu za asubuhi, nayo ilikuwa sababu nzuri, hakuna aliyeweza kuipinga. Alimpigia mama yake simu kila Jumapili. Alimuuliza kama amekula, kama mgongo unamuuma, kama amefungua madirisha ukungu usizidi. Kikundi kilibaki na wanafunzi watatu, kisha kikawa hakikutani tena. Ile karatasi ya lifti ilibanduka pembe moja, kisha ya pili, na siku moja haikuwepo.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 13 Oktoba, Jumapili ya mvua nyembamba. Aziza alipangiwa zamu ya asubuhi. Kwenye nyumba ya wazee, wengi walikuwa na barua ya daktari ya kuwasamehe kura, ambayo kwa raia ni lazima, wengine waliwatuma watoto wao wakapige kwa niaba yao. Madame wa chumba namba 14, mwenye miaka tisini na mmoja, alikataa vyote viwili. Alitaka kwenda mwenyewe. Aliamka saa kumi na moja akadai koti la bluu, akadai nywele zichanwe, na Aziza ndiye aliyepewa kazi ya kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka shule ya jirani.

Foleni ilikuwa fupi. Mwanamke mmoja mwenye beji alichukua kitambulisho cha Madame, akalipata jina lake kwenye orodha, akampa kadi. Akamwambia Aziza kwa heshima kwamba asiyepiga kura hapa anasubiri nyuma ya mstari. Mstari ulikuwa utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni. Aziza alisimama nyuma yake, mikono ndani ya mifuko ya koti, karibu na michoro ya watoto wa chekechea. Watu waliingia na watoto wao, na mbwa wao, na mwanamume mmoja aliingia na mkate chini ya kwapa. Wakatoa vitambulisho, wakapokea kadi, wakatoka. Simu yake ilikuwa mfukoni, naye alijua kwamba saa hiyo Warda amesimama kwenye shule nyingine, kwenye foleni kama hii, peke yake.

Madame alitoka amechangamka, mashavu mekundu. Nje, Aziza akimfunika blanketi magotini, Madame alimuuliza yeye amepiga kura saa ngapi, au anakwenda baada ya kazi.

"Mimi sipigi, Madame."

"Miaka yote uliyokaa hapa? Si wanawaruhusu?"

"Wanaturuhusu. Fomu yangu haikufika."

Madame akatikisa kichwa. Alisema ndiyo shida yenu, hamjishughulishi, halafu mnalalamika. Hakusema kwa ubaya. Alimpigapiga Aziza mkono wakati akisema, kama anavyofanya kila asubuhi akishavalishwa soksi.

"Ndiyo, Madame," alisema Aziza, akafungua breki za kiti.